Namna ya kuandaa mzigo wa ndege usigeuzwe shedini

Miaka kumi na moja nilikaa kwenye kiti cha eksirei katika shedi ya mizigo ya uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Kazi yenyewe ni dakika 20 mbele ya skrini, unainuka, mwenzako anakaa, maana macho yakizidishiwa hapo huanza kuona yanachotaka yenyewe. Siku hizi niko upande wa pili wa mashine. Nawafungashia viungo na asali watu wa Muheza na Amani, mkoani Tanga, wenye wateja Ulaya, kilo 200 mwezi huu, kilo 450 mwezi ujao, na simu ninazopigiwa ni zilezile: "Dada, mzigo wangu umegeuzwa, mbona mwaka juzi ulipita hivihivi?"

Ulipita mwaka juzi kwa sababu mwaka juzi ulikuwa mwaka juzi. Ukaguzi wa mizigo ya ndege unahama. Zamani ulikuwa uwanjani tu: boksi linafika, linapita kwenye mashine, linapakiwa. Sasa nusu ya ukaguzi iko kwenye maelezo unayotuma kabla ya boksi, na robo nyingine iko ghalani kwako na barabarani. Mashine imebaki na robo yake. Anayesubiri kujitetea shedini anachelewa, kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mbali na uwanja.

Hadithi ya printa mbili

Ukitaka kujua kanuni zinakoelekea, jua zilikotoka. Tarehe 29 Oktoba 2010 vifurushi viwili vilivyotumwa kutoka Sana'a, Yemen, kwenda Chicago vilikamatwa njiani, kimoja uwanja wa East Midlands huko Uingereza, kingine Dubai. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na printa, na ndani ya katriji ya wino mlikuwa na PETN, kilipuzi cheupe cha unga. Waliovifichua hawakuwa watu wa eksirei. Taarifa za kijasusi zilitoka Saudi Arabia, na hata hivyo kile cha Uingereza kilipekuliwa mara ya kwanza bila kuonekana kitu.

Sisi wa skrini tulifundishwa tukio hilo mpaka tukaliota. Lakini somo lake kubwa halikuwa kwenye picha. Nani analipia ndege kupeleka printa kutoka Yemen hadi Marekani, ambako printa zimejaa madukani? Na waliotajwa kuwa wapokeaji yalikuwa majina ya watu wa historia, waliokufa karne nyingi zilizopita. Karatasi ilikuwa inapiga kelele, na hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuisikiliza.

Yaliyofuata yote ni kujaribu kuisikiliza karatasi. Marekani ilianza majaribio ya kupokea maelezo ya mzigo kabla ya kupakiwa Desemba 2010, ikayafanya lazima Juni 2018. Umoja wa Ulaya ukayataka mashirika ya ndege yathibitishwe usalama wao katika kila uwanja wa nje yanakopakilia mizigo ya kwenda kwao, mpango unaoitwa ACC3, uliokamilika Julai 2014. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likafuta ile nafuu ya ndege za mizigo pekee: tangu 30 Juni 2021 mzigo wa kimataifa ukaguliwe, au utoke kwenye mnyororo wa usalama ulioidhinishwa, yaani mikononi mwa watu waliothibitishwa tangu ulipofungwa, hata kama ndege haina abiria hata mmoja. Na tangu 1 Machi 2023 mzigo wa ndege unaoingia Umoja wa Ulaya unatangulizwa na maelezo yake katika mfumo wa forodha uitwao ICS2. Bado kanuni hazijatulia, kwani Julai 2024 vifurushi vilivyotumwa kutoka Lithuania vikawaka moto katika vituo vya vifurushi Leipzig na Birmingham. Baada ya hapo Marekani na Kanada zikaongeza masharti tena.

Hayo yote huandikwa Montréal na Brussels. Muheza hufika kwa sura ya simu ya wakala saa mbili usiku: "Mama, wanataka postikodi."

Anza na karatasi, na uanze na anwani

Maelezo yanayotangulia mzigo si mengi. Jina la mtumaji na anwani yake, jina la mpokeaji na anwani yake, mzigo ni nini, vipande vingapi, uzito gani, na namba ya hati ya mzigo. Ulaya wanaongeza namba ya EORI ya mpokeaji, ile ya kumtambulisha kwa forodha yao, ambayo mteja wako anayo, mwombe, na tarakimu sita za kwanza za msimbo wa forodha wa bidhaa. Kompyuta inayasoma hayo na kurudisha jibu. Likija jibu la "sawa" hutalisikia hata kidogo. Yanayosikika ni matatu: eleza zaidi, kagua upya kama mzigo wa hatari, au usipakie kabisa. Hilo la mwisho linakwenda hadi polisi. Hilo la kwanza ndilo linalowapata watu wetu, na karibu kila mara ni uzembe wa kuandika.

Mzee mmoja wa Amani, mkulima wa iliki, nilikaa naye barazani kwake kujaza fomu.

"Shikamoo baba. Nipe anwani yako."

"Marahaba. Sanduku la posta, Muheza."

"Na nyumba yenyewe?"

"Mwanangu, ukishuka stendi uliza mtu yeyote nyumba ya mzee wa iliki. Hata mtoto atakuleta."

"Najua, baba. Lakini kompyuta ya Brussels haishuki stendi."

Alicheka, akaniacha nitafute. Unakumbuka operesheni ya anwani za makazi ya 2022, mwaka wa sensa, vibao vya namba vikapigiliwa kwenye milango na nguzo za mitaa? Cha kwake tulikikuta nyuma ya gunia la mkaa. Namba ya nyumba, jina la barabara, kata, postikodi, vyote vipo. Andika hivyo. Sanduku la posta peke yake ni anwani dhaifu; linaonyesha barua huchukuliwa wapi, halionyeshi mzigo umetoka wapi. Na ukishaandika mara moja, usibadilishe herufi. Jina la biashara kwenye ankara, kwenye hati ya mzigo na kwenye orodha ya ufungashaji liwe lilelile, nukta kwa nukta. Mteja wangu mmoja alikuwa na majina matatu: la leseni, la kwenye lebo, na la mke wake mwenye akaunti ya benki. Sisi tunaona familia. Kompyuta inaona watu watatu wasiofahamiana.

Maelezo ya bidhaa nayo yana adabu yake. "Vyakula" halipiti. "Sampuli" halipiti, wala "zawadi", "bidhaa mbalimbali" au "vifaa". Andika kitu ambacho mtu asiyekuona anaweza kukitia akilini: karafuu kavu nzima, zisizosagwa, kwa matumizi ya jikoni. Kisha msimbo. Karafuu nzima ni 0907.10, zilizosagwa 0907.20. Pilipili manga nzima ni 0904.11, iliyosagwa 0904.12. Iliki nzima 0908.31. Asali 0409.00. Nimeona mtu ameandika karafuu "nzima" na msimbo wa zilizosagwa, mzigo ukalala siku mbili ukisubiri maelezo. Kwenye eksirei hata ningekuwa mimi ningeuliza: karafuu nzima huonekana kama punje, unga huonekana kama ukungu mmoja. Mmoja kati ya karatasi na boksi anasema uongo, na mimi silipwi kubahatisha nani.

Hesabu ya vipande ni boksi, siyo mifuko iliyo ndani ya boksi. Uzito upime baada ya kufunga, na mzani wenyewe uukague.

Jambo moja dogo ambalo mawakala wengi hawalijui. Namba ya hati ya mzigo, ile watu wa shedi wanayoiita AWB, ina tarakimu 11: tatu za shirika la ndege, kisha nane. Ya nane katika hizo ni ya kujihakiki. Chukua saba za mwanzo, gawa kwa 7, kinachobaki ndiyo ya nane. Mfano 1234567 ukigawa kwa 7 inabaki 5, kwa hiyo namba kamili huishia 12345675. Maana yake hati yoyote inayoishia na 7, 8 au 9 imekosewa, huhitaji hata kikokotoo. Nilishawahi kumrudishia wakala hati mlangoni kwa kuitazama tu, akadhani nina uganga.

Boksi lionekane ndani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipokula mkate wangu.

Mashine ya eksirei haioni kitu kama jicho linavyoona. Inapima jinsi mionzi inavyopenya, kisha inapaka rangi. Vitu vya asili ya mimea na wanyama, plastiki, karatasi, sabuni na chakula huwa rangi ya chungwa. Chuma huwa bluu. Vya katikati, kama kioo na bati la alumini, huelekea kijani. Kisichopenyeka kabisa huwa cheusi. Sasa ubaya ni kwamba vilipuzi navyo ni vya chungwa. Boksi la karafuu ni chungwa tupu. Ndoo ya asali ni chungwa nzito, iliyokolea, na kwa mkaguzi uzito wa rangi ndio unaoanzisha maswali. Januari 2010 huko Bakersfield, California, uwanja ulifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu mkoba wa abiria uliliza kengele ya vilipuzi. Ndani mkakutwa chupa za asali. Sisi hatukushangaa hata kidogo.

Hivyo kazi yako unapofungasha ni kumsaidia mtu mwenye dakika 20 aone haraka kwamba chungwa hili ni tulivu. Boksi moja, bidhaa moja. Usichanganye karafuu na asali na vitenge vya shangazi. Mitungi ya asali ipangwe safu moja, yote imesimama, iwe kama askari wa gwaride. Jicho linapita juu yake mara moja. Ukiilaza mingine na kusimamisha mingine, picha zinapandana na katikati panakuwa giza. Giza likitokea tunazungusha boksi na kulipitisha tena. Likibaki giza, linafunguliwa. Ndoo ya kilo 25 ni giza kwa kuzaliwa, kwa hiyo ukiweza kuigawa kwenye vyombo vidogo, igawe.

Epuka pini kubwa za chuma kwenye mifuniko. Epuka makreti ya mbao yenye misumari mirefu, maana msumari ukitazamwa kwa ncha ni kitu kingine kabisa. Na kabla hujajenga paleti, uliza mashine ya shedi unayopeleka ina mdomo wa kiasi gani. Zipo za mita moja kwa mita moja, zipo za kumeza paleti nzima. Ukifika na paleti iliyofungwa vizuri kwa plastiki mbele ya mashine ya boksi, itabomolewa, na atakayeibomoa hakuijenga.

Sasa kisa cha kitochi.

Ilikuwa alfajiri ya Alhamisi, boksi 42 za karafuu za msafirishaji mmoja. Nimekaa dakika ya kumi na kitu. Boksi la 17 linaingia: chungwa, chungwa, chungwa, halafu katikati kabisa kipande kidogo cha bluu na kijani, mstatili, chenye nyaya nyembamba kama nywele na betri pembeni. Betri, nyaya, na kilo kumi za kitu cha chungwa kimezizunguka pande zote. Hiyo ndiyo picha ya darasani. Ndiyo ile ile tunayowekewa kwenye mtihani kila mwaka. Nilisimamisha mkanda, nikanyanyua mkono bila kusema neno, kama tulivyofundishwa.

Msimamizi hajafika, boksi likaanza kuita.

Mlio wa tarumbeta, ule wa simu ndogo za tochi. Sijawahi kuona shedi ikitoka watu kwa kasi ile. Kuna mzee wa forodha aliruka paleti ya samaki. Tulikaa nje zaidi ya saa tatu mpaka wataalamu walipolifungua. Kitochi cha binti wa kufungasha. Kilikuwa kifuani, akainama, kikadumbukia kwenye karafuu, na alfajiri ile alikuwa amekopa simu ya mwenzake anaipigia yake aisikie imeangukia wapi. Ndege iliondoka. Boksi zote 42 zilifunguliwa moja moja, kwa mkono, na karafuu iliyopekuliwa kwa mkono mnunuzi hakuitaka tena.

Ndiyo sababu betri ni kanuni ya peke yake. Betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafiri pekee, bila kifaa chake, zimekatazwa kwenye ndege za abiria tangu 1 Aprili 2016, na mizigo yetu mingi kutoka Dar hupanda tumboni mwa ndege za abiria. Ukiweka kifaa cha kufuatilia mzigo au cha kupima joto ndani ya boksi, mwambie wakala, kiandikwe. Kifaa ulichokitangaza ni kifaa. Ambacho hukukitangaza ni kile nilichokiona boksi la 17.

Mikono, mbolea na glisirini

Kuna ukaguzi mwingine usiotumia picha. Mkaguzi anapitisha kitambaa kidogo juu ya boksi, kwenye kingo na juu ya selotepu, anakiingiza kwenye kimashine, na baada ya sekunde chache kinasema kama kuna chembe za vilipuzi. Ni kikali mno. Kinashtuka kwa mbolea za naitreti, CAN ikiwa ya kwanza, na kinaweza kushtuka kwa glisirini. Amani ni baridi, hasa Juni na Julai, na watu wa kule hujipaka glisirini mpaka viwiko. Mikono hiyo ndiyo inayobandika selotepu.

Dawa yake ni rahisi. Glovu mpya wakati wa kufunga, na ukishika kitu kingine unabadilisha. Mbolea isikae ghala moja na boksi tupu, hata kama boksi bado hazijakunjwa. Gari lililobeba mbolea juzi lioshwe kwa maji na sabuni, siyo kufagiwa tu.

Mbwa wa kunusa tutawaona zaidi miaka ijayo, wanakagua paleti nzima kwa muda mfupi bila kubomoa kitu. Usiwachanganye na wale wanaotafuta pembe za ndovu. Kila mbwa ana harufu aliyofundishwa, na wa pembe hana habari na baruti yako. Watu huniuliza kama karafuu itamlevya mbwa asinuse. Haimlevyi.

Barabarani

Muheza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300, na kila kilomita ni nafasi ya mtu kuharibu kazi yako yote. Mnyororo wa usalama maana yake ni hii: tangu boksi lilipofungwa hadi lilipopokelewa, pawe na mtu anayeweza kusema kwa jina lake kwamba hakuna aliyelifungua. Dereva anayesimama Mkata kununua mkaa na kuurushia nyuma ameukata. Dereva anayempa lifti mtu akae juu ya boksi ameukata.

Tatizo kubwa kuliko yote lakini ni upendo. Jirani anakuja na kifurushi kimefungwa vizuri kwenye kanga: "Mwanangu yuko London, nasikia unapeleka mizigo huko, nisaidie tu hiki, ni dagaa na dawa ya kifua." Kukataa kunaonekana roho mbaya. Kataa. Sema kwamba kanuni ya uwanja haikuruhusu, maana ni kweli. Kifurushi usichokifungasha mwenyewe kikiingia kwenye mzigo wako, jina linalokitolea ushahidi ni lako, na ile dawa ya kifua mimi nimeiona ikiwa vitu vingine.

Tumia selotepu yenye jina la biashara yako, ikikatwa na kubandikwa upya ionekane. Gari liwe na mlango unaofungwa kwa lakiri yenye namba, na namba hiyo mpigie au mtumie wakala kabla gari halijaondoka. Mpe dereva karatasi yenye jina lake, namba ya gari, namba ya lakiri na saa ya kutoka. Piga picha lakiri ikiwa mlangoni. Inachukua dakika tano, na siku kengele ikilia dakika tano hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yako.

Shedini

Ukifika uwanjani wewe huna kazi kubwa, ila chagua wakala vizuri. Muulize kama ameidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa upande wa usalama wa mizigo, na akuonyeshe, asikusimulie. Akishakukagulia mzigo lazima itoke hati ya tamko la usalama yenye hadhi ya mzigo. SPX ni salama kwa ndege za abiria na za mizigo. SCO ni kwa ndege za mizigo tu, na kama ndege yako ina abiria hiyo haikusaidii. SHR ni mzigo uliokaguliwa kwa masharti ya hatari zaidi. Hati iseme pia ulikaguliwa kwa njia gani (XRY ni eksirei, EDD ni mbwa, ETD ni kile kitambaa, PHS ni mikono), nani aliyekagua, tarehe na saa. Soma saa. Tamko lenye saa ya kabla ya gari lako kufika nimewahi kuliona kwa macho yangu, na aliyelipa gharama ni mwenye mzigo.

Mzigo ukipitia Dubai au Addis Ababa, ukaguzi wa Dar pekee unaweza usitoshe, kwa sababu shirika linaloingia Ulaya linawajibika kwa uwanja linakopakilia safari hiyo ya mwisho. Acha nafasi ya siku moja katika ahadi unayompa mteja.

Yanayokuja

Nitakueleza ninavyoona mimi, kutoka kwenye kile kiti.

Watauliza mnajuana tangu lini. Baada ya moto wa Leipzig, swali limehama kutoka "kuna nini ndani?" kwenda "nyinyi wawili ni nani kwa kila mmoja?" Kwa hiyo tunza ankara za zamani, risiti za benki, barua pepe za kwanza na mteja. Mimi kila mteja namwekea faili moja, jalada gumu la kijani. Mteja mpya wa Ulaya anayetaka kilo 80 haraka, analipa na mtu mwingine, anwani ni ghala la kukodi: huyo muulize maswali kabla wao hawajakuuliza wewe.

Picha zitasomwa na mashine. Programu za kutambua vitu kwenye eksirei zinaingia, na picha inaweza kutazamwa na mtu aliye jengo jingine kabisa. Mashine haichoki baada ya dakika 20, ila haijui karafuu mpaka ionyeshwe karafuu, na sidhani kama waliozifundisha walianzia Muheza. Fungasha kwa namna ileile kila mara, boksi lilelile, uzito uleule, mpangilio uleule. Kitu kinachofanana na cha jana hakileti maswali, kwa mtu wala kwa mashine.

Karatasi zitakwisha. Hati ya kielektroniki ndiyo imekuwa ya kawaida kwa mashirika mengi tangu Januari 2019, na tamko la usalama linafuata njia hiyohiyo. Anayeandika kwa kalamu na kumwachia wakala abahatishe herufi ataumia kwanza.

Lipo moja linalonikera. Mashine, mafunzo na vibali vyote vina bei, na bei hiyo huteremka mpaka imfikie mwenye kilo 200, kwa sababu chini yake hakuna wa kumteremshia. Mwenye tani kumi anaweza kuomba hadhi ya mtumaji anayejulikana: ghala lake linakaguliwa, wafanyakazi wanachunguzwa na kufundishwa, na mzigo wake hautazamwi kama wa mgeni. Mkulima wa Amani peke yake hawezi. Chama cha ushirika kinaweza. Ghala moja lenye uzio, daftari la wanaoingia na kutoka, watu waliofundishwa, na boksi za wakulima thelathini zinatoka kwa jina moja. Nimeanza kuwashawishi. Wengine wanaogopa kuchanganya iliki zao na za jirani, na hofu hiyo naielewa, iliki si zote ni iliki.

Kwa sasa tuna ghala la kukodi lenye mlango mmoja, na mlangoni nimeweka beseni jekundu. Simu zote zinabaki humo kabla mtu hajagusa boksi, ya kwangu ikiwemo. Siku ya kwanza tulikuwa watu kumi na mmoja kazini. Nilipohesabu beseni, zilikuwa simu kumi na nne.